Maswali ya Wasomaji: Mbona timu zingine zaharibika miaka nenda miaka rudi na hakuna anaezitengeza?

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya mpira, na ukiyasoma vizuri wote mwauliza kitu kimoja, kwa hivo nimeyaweka pamoja. Mengine ntajibu kirefu, mengine ntapita tu.

SWALI: Ami, shikamoo. Mimi ni Manchester United tangu nikiwa mdogo. Kakangu ako Marekani, mji wa Detroit, na huko ameshika timu ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, yaitwa Detroit Lions, na aniambia kuna wazee huko wamezaliwa mpaka wamezikwa hawajaona kombe. Na sisi Man U tangu 2013 ligi hatujaigusa. Sa naomba kuuliza, hawa wenye timu ni matajiri wakubwa, wanaweza kuajiri mtu yeyote wamtakae, mbona timu ikae vibaya miaka kumi, miaka hamsini? Kwani hawaoni? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Marahaba mwanangu. Waona. Waona vizuri kabisa, lakini kuona na kuumia ni mambo mawili, na mimi kwa miaka yote nlofuatilia mpira nimefika mahali naamini shida yote iko hapo: timu huharibika na ikakaa imeharibika pale ambapo anaeamua siye anaeumia. Wewe wajua mambo ya bahari, jahazi likivuja huko mbele ya Kiwayu anaefua maji usiku kucha ni baharia, mwenye jahazi amelala kwake Mkomani na mlango ameufunga. Sa kama kila jahazi likirudi yeye apata pesa yake ile ile, livuje lisivuje, kalafati atatia lini?

Anza na huko kwa kakako. Ligi yao ina timu 32 na hakuna kushuka daraja, yaani ushindwe mechi zote msimu mzima mwakani uko pale pale. Pesa ya televisheni ya taifa, ambayo ndio nyingi kuliko zote, yagawanywa sawa kwa timu zote, alieshinda na aliekuwa mkia. Na tena aliekuwa mkia ndie apewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya kutoka vyuo. Wao waliiweka hivo ili ligi isitawaliwe na miji mikubwa, na nia ni nzuri, siipingi, lakini matokeo yake ni kwamba mwenye timu mbaya hakuna usiku hata mmoja anaokosa usingizi kwa sababu ya pesa.

Mfano ambao huwa nauleta kila mara ni timu ya Washington. Dan Snyder aliinunua 1999 kwa dola milioni 800. Alikaa nayo miaka 24, na kwa miaka yote hio mechi za mtoano alizoshinda ni 2. Mashabiki walikuwa wamemchoka mpaka uwanja wabaki na viti vitupu, ligi yenyewe ikaja kumpiga faini ya dola milioni 60, na 2023 akauza kwa dola bilioni 6 na milioni 50. Yaani zaidi ya mara saba ya alichotoa! Sasa huyu utamwambia amekosea wapi na daftari lake lamwambia amefaulu? Mashabiki wamelia robo karne, yeye ametoka na pesa kuliko alivoingia. Alafu angalia, mwaka wa pili tu baada ya mwenyewe kubadilika, msimu wa 2024, timu ile ile ikashinda mechi 12 na ikafika hatua ya mwisho kabla ya fainali kubwa. Walipata kijana hodari sana wa kurusha mpira, hio ni kweli na ina uzito wake, lakini mimi siamini ilikuwa bahati peke yake.

Detroit ni hadithi ya namna nyingine, na kwangu ndio yanisikitisha zaidi manake hakukuwa na mtu mbaya. Kombe lao la mwisho ni la 1957. William Clay Ford, mjukuu wa Henry Ford wa magari, akainunua 1963 kwa dola milioni 4.5, akakaa nayo mpaka alipofariki 2014, na katika miaka yote hio mechi ya mtoano walioshinda ni 1, Januari 1992. Moja! Na wengi waliomjua wasema alikuwa mtu mpole, mwaminifu kwa watu wake. Sasa huo uaminifu ndio uliowamaliza. 2001 alimchukua Matt Millen awe meneja mkuu, mtu aliecheza mpira vizuri kisha akawa mtangazaji wa televisheni, lakini ofisi ya timu hajawahi kuiendesha hata siku moja. Wakashindwa, wakashindwa, mashabiki wakaandamana na mabango, na 2005 mtu akaongezewa mkataba. Alipotolewa Septemba 2008 hesabu ilikuwa kushinda 31 na kushindwa 84, na msimu huo wakamaliza bila kushinda hata mechi moja kati ya 16. Hapo hakuna wizi, hakuna tamaa, ni mwenye mali ampenda mtu wake, na hakuna yeyote juu yake wa kumwambia bwana basi imetosha.

Haya njoo kwa Man U yako. 2005 familia ya Glazer ilinunua klabu kwa karibu pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya pesa hio ilikuwa mkopo, na mkopo ukawekwa mgongoni kwa klabu yenyewe, klabu ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Ni kama mtu anunue nyumba yako kwa pesa ya kukopa alafu wewe mpangaji ndio ulipe benki. Kocha Ferguson alipokuwepo hatukuona, manake alikuwa yuazishinda mechi hivo hivo, yeye ndie alikuwa skauti, ndie mkurugenzi, ndie baba. Alipoondoka 2013, na mwaka huo huo David Gill aliekuwa akiendesha ofisi nae akaondoka, ndio ikajulikana kwamba nyuma ya yule mzee hapakuwa na kitu.

Tangu hapo hebu wahesabu makocha: Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, Amorim, na wa kushikilia kando. Wazee wetu husema nahodha wengi chombo huenda mrama, basi wao waliwaweka mmoja baada ya mwingine lakini mrama ni ule ule, kwa sababu kila alieingia alileta wachezaji wa mpira wake, huyu ataka wakimbiaji, yule ataka wa kukaa na mpira, akifukuzwa wale wachezaji wabaki na mikataba minene ambayo hakuna timu nyingine itailipa, anaekuja awakuta hawataki na kuwauza hawezi. Timu ikawa ni mabaki ya watu sita. Na Julai 2024 wakamuongezea Ten Hag mkataba, Oktoba ile ile wakamfukuza na kumlipa, na mkurugenzi wa michezo waliemngoja miezi atoke Newcastle, Dan Ashworth, alikaa miezi mitano tu akaenda zake, na hapo tajiri mwingine, Ratcliffe, keshaingia na robo yake ya hisa na sote tulitaraji mapya. Msimu huo wa 2024/25 wakamaliza nambari 15.

Kufukuza kocha ni kubadilisha tanga na chini kwavuja. Mei 2024 wakicheza na Arsenal mvua ilinyesha maji yakaporomoka kutoka paa la uwanja wao wa Old Trafford kama bomba limepasuka, mimi nlikuwa natazama pamoja na vijana hapa Lamu na ukumbi mzima ulinyamaza. Na kumtoa mwenyewe huwezi, kwa sababu zile hisa za familia kila moja ina kura 10, na zile zinazouzwa sokoni New York kila moja ina kura 1. Nawe mwanangu utaendelea kununua jezi. Hapo ndipo panaponiuma mimi. Mteja wa duka akiuziwa mchele mbovu ahamia duka la pili, lakini shabiki hahami, na wenye timu wajua hahami, mapenzi yako wewe ndio godoro wanalolalia.

SWALI: Sheikh wangu, mimi naona dawa ni kushuka daraja tu. Timu ikishuka si wenyewe watashika adabu? (Shabiki, Shela)

Zingine ndio, zingine wapi. Leeds ya Uingereza walishuka 2004 baada ya kukopa pesa wakitegemea kila mwaka watacheza makombe ya Ulaya, na kurudi ligi kuu ni 2020, miaka 16. Hamburg ya Ujerumani ilikuwa katika Bundesliga, ligi kuu yao, tangu ianze 1963 na uwanjani kwao walikuwa na saa kubwa ya kuhesabu wamekaa humo miaka mingapi, siku ngapi, mpaka 2018 wakashuka, na wamekaa chini mpaka 2025.

Na kuna jambo watu hawaliangalii, uwoga wa kushuka wenyewe huharibu. Bodi ikiwa na uwoga hufukuza kocha kila baada ya miezi michache, hununua mchezaji wa miaka 33 Januari ili aokoe mechi kumi, yule kijana wa akademi akaachwa nje kwa sababu yeye atafaa baada ya miaka miwili na wao wafikiria wiki mbili. Kushuka kwamuadhibu aliekuwepo, hakumfundishi anaekuja.

SWALI: Bwana mhariri, mimi ni mwalimu, nafundisha Mokowe lakini kwetu ni Kakamega na damu yangu ni Ingwe, yaani AFC Leopards. Wewe walaumu matajiri, AFC Leopards haina tajiri, ni ya wanachama, na tangu 1998 hatujachukua ligi. Utasemaje hapo? (Mwalimu, Mokowe)

Mwalimu umenishika pazuri, na nakupa pole kwa dhati manake subira yenu ni kubwa. Gor Mahia nao walikaa hivo hivo, klabu iliyobeba Kombe la Mandela la Afrika 1987 ikaja kukaa bila ligi tangu 1995 mpaka 2013.

Klabu ya wanachama yaweza kuwa na ugonjwa ule ule kwa mlango mwingine. Mwenyekiti achaguliwa kwa kura, kura zatafutwa kwa maneno matamu na kwa kusajili jina kubwa, na yeye ajua miaka yake ni michache, kwa hivo afanya nini? Aandika mikataba leo ambayo italipwa na mwenyekiti mwingine kesho. Kocha afukuzwa bila kulipwa, aenda kushtaki FIFA, klabu yafungiwa kusajili mpaka ilipe, na hili limewapata Ingwe na limewapata Gor pia. Aliesababisha deni saa hio keshaondoka zamani, anaeumia ni kijana wa miaka 20 asielipwa mshahara miezi mitatu na kodi ya nyumba yamngoja.

Tena hamna uwanja wenu. Nyayo na Kasarani ni mali ya serikali, mwaingia kama wageni, kwa hivo mapato ya mlangoni hayakai. Nyinyi na Gor mkawa mwategemea mdhamini mmoja, na 2019 SportPesa, kampuni ya kamari, ilipokuwa na mvutano na serikali juu ya kodi na leseni ikajitoa, siku moja tu pesa ikakatika. Na msifikiri timu za kampuni ziko salama, SoNy Sugar ilikuwa bingwa wa Kenya 2006, kiwanda kikaanza kuyumba, 2019 ikatolewa kwenye ligi kwa kukosa kufika mechi tatu.

Lakini nataka nikupe mfano mmoja wa wanachama, manake ukweli wa jambo hili mimi niliuona hapo. Green Bay ni mji mdogo Marekani, wa watu laki moja hivi, na timu yao ya Packers tangu 1923 ni ya watu wa mji, hisa hazina faida wala huwezi kumuuzia mtu ukapata pesa. Watu huitaja kama pepo. Wasichosema ni kwamba kutoka 1968 mpaka 1992, karibu miaka 25, hio timu ya wananchi ilikuwa mbovu, mara 2 tu waliingia mtoano. Kwa nini? Kamati. Kila mwanakamati ana mkono wake kwenye timu, kocha ni yule yule meneja, na aliekuwa mchezaji nyota zamani ndie apewa kazi kwa sababu watu wampenda. Mwaka 1989 Bob Harlan akawa rais wa klabu, na 1991 akamleta Ron Wolf, akaiambia kamati huyu ndie mwenye neno la mpira, nyote mikono nje. Wolf akamchukua Brett Favre 1992, kijana ambae timu yake ilikuwa haimtumii, mwaka uliofuata akamleta Reggie White, na Januari 1997 kombe likarudi Green Bay. Wanachama ni wale wale, mji ni ule ule, baridi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kamati ilikubali kukaa kiti cha kusimamia ikaacha kiti cha kuamua nani acheze.

Kwa hivo mwalimu mkienda kwenye uchaguzi msimuulize mgombea atasajili nani. Muulizeni madeni yako mangapi, yadaiwa na nani, na nani atakuwa na neno la mpira wakati yeye hayupo.

SWALI: Ami, mimi ni mwanafunzi na mpira naupenda kuliko ndugu zangu wa kiume. Je, timu iliyooza yaweza kufufuka na wenyewe wakiwa ni wale wale, ama lazima iuzwe? (Binti, Mkomani)

Mwanangu swali zuri sana hili. Yaweza, na mfano ni hao hao Detroit, hawakuuzwa. Mzee Ford alipofariki mkewe Martha akashika, na Juni 2020 akamwachia binti yao, Sheila Ford Hamp. Mwisho wa mwaka huo akawatoa meneja na kocha, na Januari 2021 akawaleta Brad Holmes, mtu wa skauti aliekulia kazi hio kutoka chini kabisa, na kocha Dan Campbell. Wakamuuza mrushaji wao hodari, Matthew Stafford, wapate nafasi za kuchagua vijana. Mwaka wa kwanza wakashinda 3, wakashindwa 13, sare 1. Mwaka wa pili wakaanza kwa kushinda 1 na kushindwa 6, na hapo ndipo timu zote mbovu hukosea, mwenyewe huogopa kelele akafukuza. Yule mama akatoka mbele ya waandishi akaomba watu wawe na subira, akasema anaamini kazi inayofanywa. Wakamaliza mwaka huo wameshinda 9. Uliofuata 12, na mtoano wakashinda mechi 2, ile ya kwanza kwa pointi moja nyumbani, miaka 32 tangu ya mwisho, na watu wazima uwanjani walia. Msimu wa 2024 wakashinda 15 kati ya 17.

Hakuwa na pesa kuliko babake. Alipata mtu wa kazi akamwacha afanye, na kelele akazipokea yeye badala ya kumtupia kocha. Kwa maneno mengine alikubali kuumia. Ila nisikudanganye mwanangu, kufika hapo imechukua kifo cha mmoja na uzee wa mwingine, na si kila timu ina binti kama huyo.

SWALI: Kaka, hizi za Ulaya na Marekani ni mbali. Sisi hapa kijijini timu yetu ina katibu mmoja miaka 20, kadi za wachezaji azo yeye, pesa azo yeye, ukimuuliza asema mimi ndie niliyewanunulia jezi. Tufanyeje? (Kijana, Matondoni)

Kaka yangu hili nalijua kwa ngozi yangu. Miaka mingi nyuma nlikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa hapa Amu, na mwenyekiti wetu ndie alikuwa na mashua, ndio iliyotupeleka Faza na Siyu kucheza, petroli yake, mipira yake, na mchezaji akivunjika mguu ni yeye alielipa hospitali. Mtu mwema. Lakini kikosi alipanga yeye, mtoto wa nduguye alicheza hata akiwa mgonjwa, makocha wanne walipita kwa miaka sita. Siku tuliyokaa kumwambia apumzike, Ijumaa baada ya swala, alinyamaza tu, na Jumapili mashua haikuja. Tukapewa kushindwa bila kucheza. Wiki ya pili vijana wenyewe wakaenda kumbembeleza arudi, na mimi nlikuwa miongoni mwao, na timu ile ikaja ikafa mikononi mwake taratibu kwa sababu sisi sote tulikuwa twala kwenye sahani yake.

Kosa letu lilikuwa kumtoa mtu kabla ya kutafuta mashua. Kwa hivo nyinyi msianze na ugomvi. Kila mchezaji na kila mzee wa mtaa atoe kidogo kila mwezi, hata shilingi hamsini, iwekwe kwenye akaunti ya chama yenye sahihi za watu watatu, na katibu awe mmoja wao msimtenge, jezi zake zilikuwa za kweli. Daftari lisomwe barazani kila mwisho wa mwezi kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka, mbele ya watu wanywao kahawa. Mwone msimu mmoja kama mwaweza kujilipia safari ya mechi za nje. Mkishaweza, mkutano uitwe na mzee anaeheshimika na pande zote, na katibu apewe nafasi ya mlezi na ashukuriwe kwa miaka 20 kabla ya neno lingine lolote.

Na zile kadi za wachezaji, mwombeni leo kwa adabu mzipige picha kwa simu za watu watatu. Atakubali, manake leo bado hamjagombana.